Uwanja Uliohamia Ghalani

Siku ya ufunguzi Fundi alikuwa bado amelala chali chini ya kizimba cha mwisho, miwani myeusi usoni, anachomelea bawaba ya mlango. Kizimba ni chumba kirefu cha nyavu na vyuma ambamo mpigaji husimama upande mmoja na mashine humrushia mipira kutoka upande wa pili, asije akavunja madirisha ya watu. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kocha, alikuwa amepiga magoti sakafuni akigongelea kingo za zulia la nyasi bandia kwa misumari midogo. Zulia lenyewe lilikuwa vipande vipande, kila kimoja na kijani chake, kwa kuwa lilikusanywa kutoka kwenye kumbi na maduka yaliyokuwa yakibadilisha sakafu. Zamani jengo hilo lilikuwa ghala la magodoro. Lilifagiliwa, likadekiwa, likafagiliwa tena, na bado vipande vya sponji ya waridi vilichungulia kwenye nyufa za sakafu.

Mtu akaja mlangoni kusema mgeni rasmi amewasili. Fundi akajibu kutoka chini ya kizimba kwamba mgeni asubiri, chuma kipoe kwanza.

Mgeni rasmi alikuwa Bwana Saruji, aliyeitwa hivyo kwa biashara yake. Ghala lilikuwa lake. Alikubali kuwapangisha kwa bei ya kindugu, na juu ya hapo alitoa makatoni ya mipira, mipya, bado ina harufu ya kiwandani. Watu walimshukuru kwa moyo mweupe. Wavulana wangepata pa kufanyia mazoezi ya besiboli asubuhi za mwisho wa wiki, na wasichana wangecheza softiboli kila siku baada ya shule, chini ya paa, mbali na magari. Mtaa haukuwahi kuwa na kitu kama hicho.

Bwana Saruji ndiye pia aliyekuwa na uwanja. Tangu mtaa ulipokuwa mtaa, uwanja huo ulikuwa wa kila mtu. Mama yake Kocha, mwalimu wa michezo, ndiye aliyewafundisha watoto softiboli pale, kwa magongo yaliyochongwa kutoka mipini ya majembe na vituo vya kukimbilia vya magunia yaliyojazwa mchanga. Kisha baraza likaitisha kikao cha kugawa viwanja. Tangazo la kikao lilibandikwa kama sheria inavyotaka, upande wa ndani wa mlango wa ofisi, na kwa kuwa mlango ule ulikuwa wazi mchana kutwa, tangazo lilikaa limeegemea ukuta na hakuna aliyelisoma. Uwanja akapewa Bwana Saruji. Akauzungushia ukuta, akaweka mlinzi, na baada ya hapo hakujenga kitu kingine. Nyasi ziliendelea kukua mle ndani bila kazi.

Wasichana wakahamia barabarani. Alasiri moja mdogo wake Kocha alikimbilia mpira uliompita mwenzake, na lori la saruji likamkuta katikati ya njia. Yeye ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na walimwita Sumaku kwa sababu mpira ukimkaribia haukwenda kwingine. Alikuwa bado hajamaliza shule. Bwana Saruji aligharamia mazishi yote. Alileta turubai, viti, na jeneza lenye vishikio vya shaba, akakaa mstari wa mbele, akalia. Watu walimshukuru. Mama mfiwa alimshukuru pia, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akaingia ndani, na kwa miaka yote iliyofuata hakutoka kupita ua wa nyuma.

Hata siku ya ufunguzi hakuja. Alimwambia Kocha kwamba anawaombea heri, na kwamba miguu inamuuma. Miguu haikuwa inamuuma.

Bwana Saruji akakata utepe. Alizungumza kwa ufupi na vizuri, akawaita wasichana wanangu, akapigiwa makofi. Msichana mmoja mrefu aliyeitwa Mlingoti akaingia kizimbani kupiga mpira wa kwanza. Mashine ilikuwa kuukuu. Ikakohoa, ikafikiria, ikatema mpira, naye akaupiga mpaka wavu ukavimba. Watu wakanywa soda, wakapiga picha, wakaenda zao. Fundi akakusanya chupa.

Jumatatu alasiri, wasichana walipofika kutoka shule, walikuta nyasi zimeota kwenye maungio ya zulia. Zilikuwa nyasi za kweli, fupi na ngumu, zenye vumbi. Kocha akazing'oa kwa mkono, mazoezi yakaendelea. Jumanne zilikuwa zimerudi na zimeinua misumari. Fundi alisema sakafu ya saruji haioti nyasi, lakini alisema hivyo akiwa ameshika mzizi, kwa hiyo akaenda kutafuta misumari mirefu. Jumatano jua liliingia. Halikupitia dirishani, kwa sababu madirisha yalikuwa juu na yamepigwa mbao. Liliwaka tu mle ndani, kutoka upande wa magharibi, mpaka wasichana wakaanza kukunja nyuso. Kocha akawaambia kesho kila mtu aje na kofia.

Kufikia mwisho wa wiki uwanja wote ulikuwa umehamia. Asubuhi ghala lilikuwa ghala, lenye vizimba na mashine inayokohoa, na wavulana walipiga mipira yao kwenye nyavu bila taabu. Ikifika saa za kutoka shule, zulia lilizama, vizimba vikajisogeza mbali, kuta zikaacha kuonekana, na mahali pake palikuwa na uwanja mzima, na upepo wake, na kichuguu kilichokuwa karibu na kituo cha tatu, kile kilichokuwa kikiwaangusha watoto tangu enzi hizo. Mbuzi mweupe mwenye pembe moja, ambaye Kocha alikumbuka kwamba alikufa yeye akiwa darasa la pili, alikuwa akila pembeni. Aliyetaka kutoka ilibidi akumbuke mlango ulikuwa wapi. Fundi akatundika kengele ndogo kwenye bawaba ili upepo uitikise na watu waufuate mlio.

Wazazi waliulizia suala la usalama. Kocha akawaeleza kwamba ni uwanja uleule wa zamani, hauna mashimo mapya, na mwenye kuanguka kwenye kichuguu ataangukia nyasi. Wazazi wakaridhika. Baadhi yao walikuja wenyewe kutazama, wanawake waliokuwa wamecheza pale wakiwa wembamba, wakakaa chini na kuvua viatu, wakachomeka vidole vya miguu kwenye nyasi. Walisema Mungu awabariki waliofungua mahali hapa.

Jumatatu iliyofuata Kocha mwenyewe alikuwa akimrushia Mlingoti. Mlingoti akapunga gongo, akakosa. Kwa kawaida mpira uliokoswa uliviringika mbali na mtu akaufuata. Huu haukuviringika. Ulisikika ukiingia kwenye ngozi ya glavu, mlio mmoja mzito, kama mlango uliofungwa vizuri. Nyuma ya Mlingoti alikuwa amechuchumaa Sumaku, kinyago cha mdakaji usoni, magoti yana vumbi. Akaurudisha mpira kwa Kocha.

"Unarusha chini sana siku hizi, dada," alisema.

"Bega linanisumbua."

"Naona. Umenenepa pia."

Kocha akasema ni kweli. Alitaka kusema mengi zaidi, lakini wasichana walikuwa wamepanga mstari wakingoja zamu zao, kwa hiyo akarusha tena. Walimaliza mazoezi. Mlingoti, ambaye hakuwa amezaliwa siku ya mazishi yale, alisema kwamba ni raha kuwa na mdakaji anayejua kazi.

Baadaye dada na mdogo wake walikaa kwenye nyasi. Sumaku alikuwa vilevile, na pale walipokaa mtu angedhani ni mama na binti. Alijua kwamba amekufa, na hakuona haja ya kulirefusha. Alisema muda wote alikuwa uwanjani, ndani ya ukuta, akingoja mtu wa kumrushia. Mlinzi alikuwa mtu mzuri lakini hakuwa na mkono wa kurusha. Kocha akamwambia habari za nyumbani: kwamba ameolewa na yule kijana wa karakana, kwamba mama yuko. Sumaku aliuliza kama shemeji bado anaunguza mashati yake kwa cheche. Kocha akasema anaunguza hata soksi. Mwanga ulipoanza kupungua nyasi zililala, kichuguu kikashuka, na Sumaku akafifia pamoja navyo taratibu, huku bado anacheka habari ya soksi. Kocha akabaki amekaa kwenye zulia, kati ya vizimba.

Alipofika kwa mama yake alimkuta ua wa nyuma akianua nguo kwenye kamba.

"Mama, Sumaku yuko ghalani. Anadaka."

Mama yake akalitoa shati, akalikung'uta, akalikunja. Akachukua jingine.

"Amekula?"

"Sikumuuliza."

"Umekaa na mdogo wako jioni nzima, hukumuuliza kama amekula."

Kocha akakiri kwamba hakuuliza. Usiku huo mama yake alitafuta viatu vyake vya raba chini ya kitanda, na kesho yake alasiri akavaa, akajifunga mtandio, akashika hotipoti kwa mikono miwili na kutoka kwa mlango wa mbele. Majirani walimwona akipita. Walimsalimia kama vile alipita hapo jana, naye akaitikia kila mmoja kwa jina la mtoto wake.

Ghalani alisimama pale zulia lilipoishia na nyasi zilipoanzia. Sumaku akainuka, akavua kinyago.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Magoti yako hayo."

Akamwendea, akainama kwa shida, akampangusa magoti kwa pembe ya mtandio, goti moja kisha la pili, na alikaa muda mrefu kwenye la pili ingawa lilikuwa limeshakuwa safi. Wasichana wakageuka kutazama upande wa mbuzi. Sumaku hakuweza kula. Alisema chakula kinanukia vizuri, akakishika mapajani mpaka mama yake akatosheka. Fundi ndiye aliyekimaliza jioni, na alikula kwa heshima.

Tangu hapo Mwalimu, maana wasichana walianza kumwita Mwalimu kama mama zao walivyomwita, alikuja kila alasiri. Alichora mistari kwa chokaa, akakemea waliofunga kamba za viatu vibaya, akawafundisha kurusha mpira kwa kuuzungusha mkono kutoka chini, kiuno kikigeuka kwanza. Sauti yake ilirudi, ile iliyokuwa ikisikika mpaka barabara kuu. Kocha alikuwa akimtazama kutoka mbali, na mara nyingine ilimbidi ajifanye anahesabu mipira. Alikuwa ameomba paa tu, pa kukingia watoto na magari. Hakuwahi kuomba haya mengine, na kila jioni alipokuwa akifunga kufuli alisema asante kwa sauti, bila kujua anamwambia nani.

Wiki iliyofuata mlinzi wa uwanja alikuja na kiti chake. Alieleza shida yake kwa adabu. Yeye aliajiriwa kulinda uwanja, na kila alasiri, akichungulia ndani ya ukuta, haoni uwanja. Anaona sakafu ya saruji, vipande vya zulia na sponji ya waridi. Ameshasikia kwamba uwanja uko huku, kwa hiyo ameona ni vyema aje huku, kazi isilale. Kocha akamwonyesha mahali penye kivuli. Sumaku alimsalimia kama mtu wa nyumbani, naye akamuuliza hali, wakazungumza habari za mvua za miaka iliyopita ambazo walizipata wote wawili.

Lakini mlinzi alikuwa mwajiriwa, na mwajiriwa hupeleka taarifa. Akapeleka.

Bwana Saruji alikuja siku ya tatu yake, alasiri, peke yake. Aliingia amekunja uso kwa ajili ya jua, akasimama, akatazama kichuguu kwa muda. Alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu. Lilitoka pale. Mwalimu alikuwa ameinama akichora mstari. Hakuinuka mpaka alipoumaliza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kibonge. Vua viatu. Huku hatuingii na viatu vya ofisini."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita Kibonge tangu alipopata gari lake la kwanza. Alivua viatu, akavua na soksi, akaziingiza ndani ya viatu kama mtoto aliyefundishwa vizuri. Mwalimu akampa gongo na kumwelekeza mahali pa kusimama. Akafika pale, akamwona mdakaji amechuchumaa nyuma yake. Alimtambua. Picha yake ilikuwa imesimamishwa juu ya jeneza siku ile, na yeye alikaa mstari wa mbele.

"Sogea nyuma kidogo," Sumaku alimwambia. "Utanipiga mkono."

Akasogea nyuma.

Mwalimu alirusha mwenyewe. Mpira wa kwanza Bwana Saruji aliupungia baada ya kuwa umeshapita. Ulilia kwenye glavu ya Sumaku. Wa pili pia. Mwalimu akamwambia, kama alivyomwambia zamani, kwamba anapiga kwa macho yaliyofumbwa, na kwamba mpira haumwogopi. Wa tatu aliupata. Ulikwenda juu, ukampita mbuzi, ukaendelea mahali ambapo ghala lingekuwa limekwisha na barabara imeanza, na hakuna aliyeuona ukitua. Bwana Saruji alicheka kwa sauti ambayo wasichana hawakumdhania, kisha akaketi pale pale chini, na machozi yakamtoka. Hayakuwa ya kuigiza. Alimshika Mwalimu mkono, akamwambia kwamba katika maisha yake hajapata kufurahi kama alivyofurahi kwenye uwanja huu, na kwamba anamshukuru, na alikuwa amechelewa sana kumshukuru.

Mwalimu alimwacha alie. Alipokwisha akamwambia, "Basi turudishie, Kibonge."

"Nini, Mwalimu?"

"Uwanja. Waandikie watoto."

Bwana Saruji akajipangusa uso kwa leso. Alitazama nyasi, wasichana, wanawake waliovua viatu pembeni. Alionekana kulitafakari jambo lenyewe kwa dhati.

"Mbona mnao," alisema. "Si huu hapa. Nani amewanyima?"

"Uko ndani ya ghala lako."

"Ndiyo," alisema kwa upole. "Uko ndani ya ghala langu."

Kocha alikuwa amesogea karibu. Hakuwa na mpango wa kusema, lakini maneno yalimtoka. "Na huyu? Huyu naye?"

Wote wakamtazama Sumaku. Alikuwa amekaa juu ya visigino, akifuta vumbi kwenye mpira.

"Niligharamia kila kitu siku ile," Bwana Saruji alisema. "Mlinishukuru wenyewe."

Sumaku, ambaye alilelewa vizuri, alimshukuru kwa jeneza. Alisema aliambiwa lilikuwa zuri. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba dereva hakuwa na kosa. Alikuwa akipiga kelele kutoka dirishani kwamba lori halina breki. Yeye Sumaku alisikia kila neno, kwa sababu alikuwa karibu. Dereva alisema, "Niliwaambia asubuhi, niliwaambia," na akawa anarudia hilo mpaka mwisho.

Upepo ukaitikisa kengele ya Fundi mlangoni.

"Breki zilitengenezwa?" Sumaku aliuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Bwana Saruji akavaa soksi moja. Alisema zamani zile alikuwa akiletewa mambo mengi kila asubuhi, breki, matairi, karani anaumwa, na mtu hawezi kushughulikia yote. Alisema angeulizia. Akavaa ya pili. Hakukasirika, hakuna mtu aliyekasirika. Mwalimu alikuwa amesimama wima, chokaa mkononi, akimtazama mwanafunzi wake akifunga kamba za viatu, na alionekana mzee kuliko siku zote alizokaa uani. Bwana Saruji akainuka, akamwinamia, akaaga kila mtu. Njiani alisimama mara moja kutazama kule mpira wake ulikokwenda.

Mwanasheria wake alikuja baada ya hapo, kijana mchangamfu mwenye kofia ya kukinga jua, maana alikuwa ameambiwa. Alieleza kwamba mkataba uliandikwa wa ghala tupu, na ghala sasa si tupu. Lina uwanja. Lina mwanga wa jua bila umeme. Lina, akatafuta neno, mchezaji wa kudumu. Haki haiwezi kuacha vitu hivyo bila kuvitaja. Kocha aliuliza kama uwanja unaweza kuwa mali ya mtu mahali pawili kwa wakati mmoja. Mwanasheria akasema hapana, na ndiyo maana ukiwa kule ni wa mteja wake, na ukiwa huku ni wa mteja wake vilevile, hauwi wa mtu mwingine hata ukiwa njiani. Fundi alitaka kumjibu, lakini Kocha alimgusa kiwiko. Alikuwa amemwona mama yake upande wa pili wa uwanja, amekaa mkabala na Sumaku, wakirushiana mpira polepole na kuzungumza jambo.

Akaweka sahihi. Kodi ikapanda, na humo ndani ya kodi kulikuwa na nyasi, jua, kichuguu, mbuzi na mdogo wake.

Mtaa ulijichanga. Hakuna aliyenung'unika, au waliofanya hivyo walifanyia majumbani. Fundi alianza kuchomelea mageti ya watu hata siku za mapumziko. Wanawake waliokuwa wakija kuvua viatu walianzisha kikundi, na kila mmoja alileta alichoweza. Mlinzi alihamishiwa rasmi mlangoni, akapewa sare na kitanda cha kamba. Kwenye kiwanja cha zamani Bwana Saruji alijenga nyumba za kupangisha, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kupaacha wazi. Nyumba ni nzuri, ila alasiri hazipati jua, na wapangaji huwasha taa mapema na kukanyaga vipande vya sponji ya waridi kwenye varanda. Wamezoea.

Malori bado yanapita. Yakifika usawa wa ghala madereva hupiga honi kutoka mbali sana, kabla hata hawajaonekana, kwa sababu wanajua wenyewe kwamba hawataweza kusimama. Kocha huwapanga wasichana kando ya barabara, mabegi mgongoni, mpaka lori lipite na vumbi litue. Wasichana huwapungia madereva mkono kuwashukuru kwa honi. Madereva nao hupunga.

Mwaka huo timu ilishinda mashindano yake ya kwanza. Walicheza ugenini, bila Sumaku, lakini Mlingoti alikuwa amefundishwa naye kudaka na hakukosa mpira. Kwenye sherehe, ghalani, Kocha alisimama kutoa shukrani kama mkataba mpya ulivyotaka, akaanza na Bwana Saruji. Makofi yalipigwa. Bwana Saruji, mstari wa mbele, aliinuka nusu na kuketi. Kisha Kocha akamshukuru mume wake, kikundi cha wanawake, mlinzi. Alipofika kwa mama yake alisema "Mwalimu" tu, akaketi, na watu walielewa na wakapiga makofi kuliko mwanzo.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa limeshuka. Mwalimu alikuwa bado amekaa kwenye nyasi na binti yake, bega kwa bega, glavu kati yao. Kocha akaja akakaa upande wa pili. Mwalimu alisema Mlingoti bado anageuza kiuno mapema mno anapopiga. Sumaku akasema atamrekebisha.

"Kodi imelipwa?" aliuliza Sumaku, nyasi zilipoanza kulala.

"Imelipwa," Kocha alisema.

"Basi tutaonana kesho."

"Asante, mwanangu," alisema Mwalimu.

Alifunga mtandio, Kocha akamsaidia kuinuka, wakatembea kwenye zulia mpaka mlangoni. Mlinzi akawafungulia. Walimshukuru, naye akawaambia karibuni tena.